Banda la Video la Mtaani Kwetu Mbagala: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikiingia, si chini ya mara moja kwa wiki, katika banda la video lililo nyuma ya soko dogo la mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, na nimeona ni haki niandike juu yake kwa uangalifu uleule ambao watu huutumia wanapoandika juu ya hoteli za kitalii na simu mpya. Vijana huliita kibanda umiza, jina ambalo mabanda ya aina hii yamepewa kwa sababu ya joto na msongamano wake. Mlangoni hakuna jina. Kuna ubao mweusi unaoandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo, saa ya kuanza, na neno moja ambalo ndilo linalonitoa nyumbani: imetafsiriwa.

Chumba kina urefu wa hatua kama kumi na tano. Kuta ni za matofali hadi kiunoni, na kuanzia hapo hadi juu ni mabati. Mabenchi ni ya mbao yasiyo na egemeo. Runinga ya inchi 55 imefungwa ukutani ndani ya wavu wa chuma, na pembeni yake kuna spika mbili ambazo mtu akikaa benchi la mbele atazisikia kifuani. Kiingilio ni shilingi 500 kwa filamu na shilingi 1,000 kwa mechi kubwa. Fedha hupokewa na mke wa mwenye banda, mama mwenye adabu na kumbukumbu kali, ambaye hunikaribisha kwa kuniambia, "Karibu mwalimu, leo kuna ya Kihindi," kabla sijasoma ubao. Picha ni safi. Sauti ni kubwa kuliko inavyohitajika, lakini haina mikwaruzo. Feni ni mbili, na ile ya nyuma ndiyo inayofanya kazi vizuri, hivyo anayeijali afya yake na akae nyuma.

Hayo ni ya kawaida na hayatoshi kumfanya mtu aache runinga yake sebuleni. Kinachofanya huduma hii iwe na thamani ni tafsiri. Siku za kawaida huonyeshwa filamu zilizokwisha kuingizwa sauti ya mtafsiri, zile zinazouzwa au kunakiliwa kwenye flashi, na wapenzi wa filamu hizo wanawafahamu watafsiri wao kwa sauti kabla hawajajitaja. Lufufu alianza kazi hii Dar es Salaam enzi za kaseti, na wengi wa rika langu tulimjua steringi, yaani mhusika mkuu, kwa maneno ya Lufufu kabla hatujamjua kwa jina lake halisi. DJ Mack amekuja baadaye na kuwa na wafuasi wake, na wenzetu wa Kenya wanaye DJ Afro. Jumamosi jioni, hata hivyo, banda letu humwita kijana mmoja anayetafsiri papo kwa papo, akiwa ameketi kwenye kiti kirefu kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, na kitambaa begani cha kufutia jasho.

Nimemsikiliza kijana huyu kwa makini ya mtu anayefundisha lugha, na ninasema bila kusita kwamba anafanya kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Haongei neno kwa neno. Husikiliza sentensi mbili tatu, huzipima, kisha hutoa kile ambacho mtu wa Mbagala angekisema akiwa katika hali ileile. Katika filamu moja ya Kihindi, baba mwenye mali alimkataa kijana maskini aliyekuja kumwomba binti yake, na maneno yaliyokuwa yakisemwa kwenye skrini yalikuwa mengi na ya mzunguko; mtafsiri akasubiri baba amalize, kisha akasema, "Baba anasema posa hii haikuletwa na mshenga, imeletwa na njaa." Chumba kizima kilielewa kwa mara moja kosa la kijana, kiburi cha baba na aibu ya binti. Binti alipoinuka kuondoka, mtafsiri akampa salamu ambayo filamu haikuwa nayo, "Shikamoo baba, mimi naondoka," na mama mmoja mbele yangu akaitikia "marahaba" kwa sauti ya chini, kana kwamba ni yeye aliyeamkiwa.

Salamu ile imenifundisha jambo kuhusu teknolojia. Mwaka huu nilijaribu kutazama filamu nyumbani kwa simu, nikiwa nimewasha maandishi ya Kiswahili yanayotolewa na mashine yenyewe. Kwa haki nakiri kwamba mashine haikuruka sentensi hata moja, wakati mtafsiri wa banda huruka nyingi. Lakini mtu aliyelalamika kwamba amefilisika aliandikiwa kwamba amevunjika, na mke kijana aliyemsalimu mama mkwe wake aliandikiwa "hujambo", kitu ambacho katika nyumba nyingi za pwani kingeitiwa kikao cha wazee. Mashine inajua maneno, ila haijui nani ni mkubwa kwa nani, nani anadaiwa heshima na nani anaidai, na katika Kiswahili hayo ni sehemu ya maana. Siichukii teknolojia hii, na ninaamini itaboreka, hasa kama watakaoifundisha watakuwa watu wanaoishi katika lugha. Kwa sasa, kati ya mashine ile na kijana mwenye kitambaa begani, ninamchagua kijana.

Inafaa kukumbuka kwa nini mabanda haya yalizaliwa. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994, na katika miaka hiyo ya kati aliyekuwa na deki na runinga alikuwa na sinema yake mwenyewe, akitoza kiingilio na kuonyesha kaseti zilizotoka Hong Kong, India na Marekani kwa watu ambao wengi hawakujua lugha hata moja kati ya hizo. Mtu mwenye kueleza alihitajika, naye akapatikana. Uganda walifanya vivyo hivyo na kuwaita watu wao ma-VJ. Miaka ilipokwenda, Novemba 2011, TBC, runinga ya taifa, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hiyo kama daraja kati ya watu wa nchi hizi mbili. Azam TV nao wameingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kituruki, na nyumba nyingi leo hula chakula cha usiku na masultani wanaozungumza kama watu wa Tanga. Kwa hiyo dola kubwa na kampuni kubwa zimelitambua jambo ambalo wenye mabanda walilitambua zamani, kwamba mtu humpenda anayemletea hadithi katika lugha ya nyumbani kwake.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na ninaomba niseme ninavyoona. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, uamuzi uliofanywa Novemba 2021, viongozi wetu wametoa hotuba nzuri kila mwaka kuhusu kukuza lugha. Sijasikia hata hotuba moja iliyomtaja mtafsiri wa filamu. Kijana wa banda letu ameweka Kiswahili mdomoni mwa askari wa Marekani, mfalme wa Korea na jambazi wa Mumbai, akafanya hivyo kila wiki mbele ya watu sabini, na hakuna ofisi ya lugha iliyomwita hata kumpa semina ya siku moja ya istilahi. Ningekuwa na sauti katika Baraza la Kiswahili la Taifa, ningeanza na watu hawa.

Siasa ya aina nyingine hufanyika ndani ya banda lenyewe. Mtafsiri hamtaji mtu, wala hahitaji kumtaja. Tulionyeshwa filamu yenye gavana aliyekula fedha za barabara, na wakati gavana huyo alipokata utepe mbele ya kamera, mtafsiri alisema kwa sauti nzito ya jukwaani, "Barabara hii imekamilika kwenye karatasi, wananchi, endeleeni kukanyaga tope." Watu walipiga makofi hadi sentensi tatu zilizofuata zikapotea. Filamu ilipokwisha hatukuondoka. Dereva wa bodaboda alianza kuzungumzia barabara yetu, fundi cherehani akakumbusha tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 na jinsi kelele za wananchi zilivyoifanya ipunguzwe, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini akasema kwamba kelele zile zilisikika kwa sababu zilihusu fedha, na kwamba zinazohusu kura hazisikiki vivyo hivyo. Tulibishana kwa adabu hadi saa tano usiku. Nimekaa katika mikutano rasmi mingi ya shule na ya serikali ya mtaa ambayo haikufikia nusu ya ukweli uliosemwa kwenye mabenchi yale.

Mzee yule alikuwa akizungumzia Oktoba. Mtandao ulizimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ukaendelea kuzimwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu walipoteza maisha katika siku zile, na sitaki kulipita jambo hilo kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Banda lilifungwa kama biashara nyingine zote. Lilipofunguliwa tena lilijaa watu ambao sikuwahi kuwaona, vijana waliozoea kutazama kila kitu peke yao kwenye simu, na ambao kwa siku kadhaa walikuwa wameshika vioo visivyowajibu. Kompyuta ya mwenye banda na diski yake yenye filamu mia kadhaa vilikuwa havijapoteza chochote. Tangu siku hizo nimekuwa na msimamo ambao nautetea popote: ninapochagua chombo cha kupatia habari au burudani, swali langu la kwanza ni nani anayeweza kukizima, na yuko wapi. Mtandao wa X haupatikani nchini kwa njia ya kawaida tangu Mei 2025. Watumiaji wa VPN, programu za kupita vizuizi vya mtandao, walitakiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kujiandikisha mwaka 2023. Kwa mtu anayeishi katika mazingira hayo, flashi iliyo mfukoni ina thamani ambayo matangazo ya kasi ya intaneti hayawezi kuieleza, na ninaamini kwa dhati kwamba serikali inayojiamini ingeuacha mtandao wazi, hasa siku ambayo wananchi wanawahitaji ndugu zao zaidi.

Nirudi kwenye huduma, maana gharama nazo zina neno. King'amuzi kimekuwa cha lazima kwa wakazi wa Dar es Salaam tangu mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, na kifurushi cha mwezi chenye filamu za maana kinazidi kile ambacho fundi cherehani jirani yangu hutumia kwa mboga za wiki. Bando la simu huisha kabla ya filamu mbili. Jumba la sinema la kisasa lipo mjini, zuri, lenye viti laini na kiyoyozi, lakini tiketi yake pamoja na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mbagala ni sawa na kuingia banda letu mwezi mzima, na filamu nyingi huko huzungumza Kiingereza kitupu. Wazazi wetu walikuwa na Drive-In ya Msasani, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani, na waliokwenda huko wakiwa watoto husimulia hadi leo. Sisi wa kipato cha chini tumebaki na banda, na kwa shilingi 500 sijui kitu kingine Dar es Salaam kinachonipa saa mbili za namna hii.

Umeme, uliokuwa adui mkuu wa biashara hii, umetulia. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 mwenye banda alikuwa akiwasha jenereta lililomla faida yote. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024, likiwa limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, anasema jenereta hilo amelifunika kwa turubai. Hili ni jambo ambalo serikali imelifanya vizuri na ninalisifu wazi, kama ninavyoyalaumu mengine wazi.

Sasa kasoro, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni mlango. Banda lina mlango mmoja tu, nao unafungukia ndani. Siku ya mechi ya Simba na Yanga nilihesabu watu zaidi ya mia na ishirini, nyaya za spika zikipita chini ya mabenchi na nyingine zikiwa zimeunganishwa kwa utepe wa plastiki. Nilitoka kipindi cha kwanza kabla hakijaisha, nikamweleza mwenye banda pembeni, na nilimwambia kwa heshima kwamba sitaingia tena siku ya mechi hadi atoboe ukuta wa nyuma. Wasomaji wenye vijana nawasihi wafanye hivyo pia. Filamu za siku za kawaida hazijazi chumba, na mtu anaweza kukaa karibu na mlango kwa amani.

Ya pili ni watoto. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka misingi ya ukaguzi wa filamu, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja kwa umri, lakini katika banda letu daraja pekee linaloheshimiwa ni shilingi 500. Nimemkuta mwanafunzi wangu wa darasa la tano saa tatu usiku akitazama watu wakichinjana. Nilimshika mkono nikampeleka kwao. Mama wa mlangoni aliona haya, na tangu hapo huwarudisha watoto baada ya magharibi, ila siku ambazo hayupo, kijana anayeshika nafasi yake hajali.

Ya tatu inamhusu mtafsiri ninayempenda. Anapochoka au filamu inapopooza, huwaongezea wahusika wanawake matusi ambayo filamu haikuyasema, na wanaume kwenye mabenchi hucheka, huku akina mama wachache waliopo wakitazama chini. Filamu moja ilikuwa na mwanasheria mwanamke aliyeshinda kesi ngumu. Mtafsiri akamfanya aonekane ameshinda kwa uzuri wake. Nilimwendea baadaye nikamwambia, "Kijana wangu, umemdhulumu yule mama, kesi aliishinda kwa akili." Alisikiliza, akasema, "Mwalimu, watu wanapenda hivyo." Nikamjibu kwamba mama aliyekuwa benchi la mbele hakupenda, na kwamba yeye naye alilipa mia tano. Wiki mbili zilizofuata alijirekebisha. Wiki ya tatu alirudia.

Ya nne ni haki za wenye kazi, na hapa sina jibu rahisi. Filamu nyingi zinazoonyeshwa hazijalipiwa chochote kwa waliozitengeneza. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kuisimamia, na filamu zetu wenyewe zimeumizwa na unakiliaji huu, jambo lililowafanya waigizaji na watayarishaji wengi walie kwa miaka mingi. Mwenye banda aliniambia kwamba filamu za Kitanzania hununua halali kutoka kwa wasambazaji, nami sina sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa niliziona zikiwa katika vifungashio vyake. Za nje hakuna anayemuuzia. Hakuna dirisha ambalo mtu wa Mbagala mwenye benchi kumi na mbili anaweza kwenda na shilingi elfu hamsini akapewa kibali cha kuonyesha filamu ya Kikorea yenye sauti ya Kiswahili. Ninaona ingekuwa busara kwa mamlaka kutengeneza dirisha hilo, likiwa na ada ndogo ya mwaka inayogawanywa kwa haki, kuliko msako wa mara kwa mara unaobeba runinga na kumwacha mtafsiri bila kazi na mtengeneza filamu bila malipo.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni huu. Aende Jumamosi, afike saa moja na nusu usiku kabla ya mabenchi ya nyuma hayajachukuliwa, abebe fedha ndogondogo kwa sababu chenji ni tatizo, na asiogope kuuliza mlangoni kama mtafsiri yupo au ni filamu iliyokwisha kurekodiwa. Choo kipo kwa jirani, ni kisafi, na hutozwa shilingi 200. Kahawa na kashata huuzwa nje na mzee mmoja kutoka Kilwa, nazo ni nzuri kuliko za stendi. Mazungumzo ya baada ya filamu hayana kiingilio, na mgeni hupewa nafasi ya kusema.

Juzi nilipopita nilikuta tofali tatu zimetolewa kwenye ukuta wa nyuma na alama za chaki zikionyesha umbo la mlango. Mwenye banda ameniambia fundi atamaliza kabla ya mechi ijayo ya watani. Nitakwenda kuangalia mwenyewe kama unafungukia nje.